Kichupa Kisichonuka

Mgeni aliingia maabara saa sita mchana bila kupiga hodi.

"Shikamoo, Daktari. Idara ya usalama wananiita Kunguni. Kichupa kiko wapi?"

"Marahaba. Kipo kwenye..." Daktari akafungua friji.

Rafu tupu.

Mama wa watu akakaa chini sakafuni. Miaka sita ya jasho lake ilikuwa ndani ya kichupa kile: mafuta ya karafuu yaliyofungiwa katika vifuko vidogo visivyoonekana kwa macho. Ukiyanyunyizia mahindi ghalani, vifuko huachia mafuta kidogo kidogo, kuvu haioti. Kesho yangejaribiwa kijijini, kule ambako mahindi yenye kuvu yalikuwa yamelaza hospitalini watoto kumi na mmoja.

Redio ikakoroma sikioni mwa Kunguni. "Mnunuzi wa kichupa kilichoibwa yumo jengoni. Anataka kuizika hiyo dawa, sumu zake ziendelee kuuzika. Ndege yake saa nane."

"Nimekupata."

Kunguni akanusa hewa. "Mbona hapa hakunuki karafuu?"

"Vifuko hufunga harufu. Mpaka uvichemshe, vipasuke."

"Na mwizi akiambiwa na mnunuzi, 'Thibitisha ni karafuu'?"

Daktari akamtazama. "Atachemsha!"

Akainuka mbio, akajaza barafu kwenye themosi kuukuu. "Kirudi humu, kisipate joto. Themosi ni ya marehemu baba. Usiivunje, mwanangu."

"Haitavunjika."

Ghorofa ya pili, hakuna kitu. Ya kwanza, kimya.

Chini kabisa, karafuu ilimpiga puani.

Kunguni akapiga mlango teke, bastola ya Beretta mkononi. Fundi friji wa jengo alikuwa ameinamia jiko la umeme, kijiko kikifuka moshi. Nyuma yake, mwanamume wa suti ya kijivu.

"Nilikwambia inanuka, bosi!"

"Inanuka mpaka juu," alisema Kunguni. "Mikono hewani!"

Suti ikarusha kiti. Bastola ikaruka. Fundi akanyanyua bomba la chuma, akalishusha.

Themosi ilikuwa mkono wa kushoto. Ngao tayari.

Kunguni akaificha nyuma, akakinga kwa mkono wa kulia.

Mfupa ukalia.

Teke moja, fundi chini. La pili, suti juu ya fundi. Pingu moja ikawatosha wote wawili, kichupa kikaingia kwenye barafu ya themosi.

Juu, Daktari alifungua themosi. Kichupa kilikuwa kizima, kimepungua kijiko kimoja tu. Ndipo akauona mkono wa Kunguni unaoning'inia.

"Mungu wangu! Si ungekinga na themosi?"

"Niliahidi themosi, mama. Mkono sikuuahidi."

Akashuka ngazi taratibu, akipiga mluzi.