Mfalme Aliyeuawa na Mpishi

Kila Jumatatu asubuhi, mwanafunzi mmoja wa darasa la saba alibandika kadi kwenye ukuta wa maktaba. Kadi ilikuwa na neno gumu, maana yake, asili yake, na mstari wa mwisho uliouliza, "Nimelipata wapi?" Wanafunzi wengine waliinakili madaftarini.

Wiki hiyo zamu ilikuwa ya msichana waliyempa jina la Kamusi. Jina hilo alilipenda mno, na hakutaka kulipoteza. Neno lake lilikuwa la Kiingereza, regicide. Maana aliipata upesi: kumuua mfalme. Asili ndiyo iliyomtoa jasho. Uvivu ulipomzidi, akatunga: palikuwa na mfalme aitwaye Reji, aliyeuawa na mpishi wake. Kwenye mstari wa mwisho akaandika, "Kitabu cha historia."

Kadi ilipendwa kupita kiasi. Kufikia mapumziko, hata wadogo wa darasa la nne walikuwa wakibishana ni sumu gani mpishi alitumia. Kamusi alicheka nao, lakini moyoni hakuwa na raha.

Mkutubi, mama mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimwita. Hakumgombeza. Alimwomba tu amwonyeshe hicho kitabu, maana na yeye angependa kukisoma.

Kamusi alitazama rafu, kisha akatazama viatu vyake.

"Hakuna kitabu, mama. Nimetunga mwenyewe."

"Sasa utafanyaje?"

"Nitaitafuta asili ya kweli ya neno. Halafu nitawaambia wote."

Mchana ule, baada ya masomo, alikaa na kamusi nene kwa saa nzima. Neno lilitoka Kilatini: rex, mfalme, na caedere, kukata au kuua. Lilitaja kitendo, na pia mtu aliyekitenda. Hapakuwa na Reji wala mpishi.

Kesho yake alipita darasa kwa darasa, kuanzia la nne hadi la saba. Kila mahali alisema yale yale: nilidanganya, futeni, andikeni hivi. Darasa la nne walimzomea, na mmoja akamwita Mpishi. Machozi yalimlengalenga, lakini hakuacha daftari hata moja bila kulikagua.

Jioni alibandika kadi mpya. Mkutubi aliisoma yote, hadi mstari wa mwisho, ambao sasa ulitaja ile kamusi nene.

"Usilolijua, sema hulijui, mwanangu," alimwambia. "Kutojua kumekugharimu saa moja tu. Uongo umekuchukua siku nzima kuufuta, na umeufuta kwa wale tu uliowafikia."