Gato ya Baoga

Jumanne moja ya ukungu, sokoni Butembo, watu wakisukumana kati ya magunia ya maharagwe na mafungu ya viazi, mikono miwili ilishika moule moja, bati la kuokea gato, yaani keki. Ilikuwa moule ya mwisho. Mkono mmoja ulikuwa wa Jokébed wa mtaa wa Kimemi, msichana wa miaka ishirini na saba, kitenge cha kijani kiunoni na kitambaa cha kichwa kilichofungwa mbiombio. Mkono wa pili ulikuwa wa mwanaume mrefu mwenye koti la ngozi na mabuti yaliyojaa matope mekundu.

"Papa, achilia. Mi nilitangulia kuiona."

"Macho hapana lipa, mama. Mukono njo unalipa."

"Na weye mwanaume mzima, gato utapika wapi?"

"Siyo miye. Mama yangu, kule Beni, ku Mulekera. Anapikaka mikate ndani ya sufuria ya zamani, chini inaungua, juu iko mubichi. Na weye?"

"Niko na formation ya kupamba gato. Inaanza leo saa nane. Nikifika bila moule, Madame Virginie mwalimu wetu atanirudisha nyumbani."

Mwanaume akamtazama, akacheka, akaachilia. "Beba. Mama atavumilia. Lakini unipe numero, nijue kama ulifaulu."

"Numero ya kujua gato, ao numero ya kujua miye?"

"Mais, zote mbili!"

Aliitwa Éliakim, mnunuzi wa kakao. Kabla muuzaji hajamaliza kuifunga moule kwa gazeti, numero ilikuwa tayari ndani ya simu yake.

Sasa niwaambie ile formation, yale mafunzo ya gato, ilivyokuwa matata. Mama ya Jokébed alifariki miaka sita nyuma, akaacha watoto wanne wadogo na mume asiyejua kuwasha hata jiko. Asubuhi Jokébed aliwapeleka wadogo shuleni, akafungua duka la mbao la baba yake, Papa Ananie, shemasi wa kanisa. Saa sita akasonga ugali. Jioni maji, masomo ya watoto, kufua, kwaya. Na formation je? Jumanne na Alhamisi, saa nane mpaka saa kumi. Na nyumba nzima ikalia kama mtoto aliyeachishwa ziwa!

"Gato njo itatushibisha?" Papa Ananie alinung'unika. "Nani atabaki ku duka? Nani atapokea batoto?"

"Weye, Papa. Ni saa mbili tu."

Basi akaamka saa kumi ya alfajiri, akapika chakula cha mchana kabla ya jogoo, akafunika sufuria kwa blanketi, na saa nane kasorobo akakimbia kuteremka kilima, poche, mfuko wa kukamulia kreme, ndani ya kikapu. Maua yake ya kwanza yalifanana na kabichi iliyotafunwa na mbuzi. Madame Virginie akayakwangua yote: "Rudia, mwanangu. Kreme inajua kama una haraka."

Kila jioni, Jokébed akiosha vyombo, simu ililia.

"Bébé, leo mulifanya nini?"

"Maua tano ya roza. Ine ilianguka."

"Na ya tano?"

"Nilikula, nisipate haya."

"Miye nitakupenda hata na kabichi yako."

"Weee! Nani alikuambia nataka kupendwa?"

Alitaka, bwana. Alitaka mpaka mikono ilisahau sahani majini. Mwezi wa sita Éliakim akatangaza: Jumamosi wajomba zake watano wangepanda Butembo kufungua mlango, yaani kujitambulisha kwa Papa Ananie na kumwomba binti. Kama desturi inavyotaka, mjumbe wao, mzee Kamate, angetangulia siku mbili kuhakikisha kwamba wageni wanapokelewa. Alhamisi jioni Papa Ananie alisema hajamwona mjumbe, labda barabara imemkamata.

Jumamosi hiyo Jokébed alipika kuku watatu, akapanga viti, akaweka katikati ya meza gato yake nzuri kuliko zote, maua meupe bila hata moja kuanguka. Majirani wakaja kuchungulia. Saa sita ikapita, saa tisa ikapita, giza likaingia. Hakufika mtu.

"Banaume ya Beni njo vile," Papa Ananie akasema, akajikatia kipande cha gato.

Kwa nini hakupiga simu? Aa, ninyi hamjui kwetu! Msichana ambaye wachumba hawakufika hapigi simu. Akipiga, ukoo mzima unasema anajiuza. Alingoja Éliakim apige, na Éliakim hakupiga. Kreme ikachacha, naye akachacha pamoja nayo.

Miezi minne alihudhuria formation akiwa amekaza meno. Alipenda kupiga mayai. Usiku aliota Éliakim akianguka matopeni mbele ya watu, akaamka amefurahi. Na mtu akikuambia kisasi ni dhambi, muulize kwanza kama amewahi kurudisha viti vya kukodi mbele ya majirani.

Kisha Alhamisi moja simu ya Madame Virginie ikalia darasani. Akasikiliza, akakunja uso, akamvuta Jokébed pembeni.

"Ni ule Éliakim wako. Anataka gato ya ndoa yake, Jumamosi ijayo, kule Mulekera. Na anasema weye njo uilete na mikono yako. Nimukatalie?"

Jokébed aliona moto. Amtupe, halafu ambebeshe na gato ya mwanamke mwingine?

"Hapana, Madame. Nitaipika, nitaipamba, nitaibeba."

"Mwanangu, unanitisha."

"Siyo weye wa kuogopa."

Juma zima alijizoeza herufi juu ya mgongo wa sahani. Ijumaa akaipaka gato kreme nyeupe, akazungushia maua, na katikati, kwa kreme nyekundu, akaandika maneno mawili. Akafunika boksi, akacheka peke yake.

Jumamosi alivaa kitenge cha bluu chenye mikono ya dantela, lesi safi, nywele zimesukwa upya, midomo myekundu. Ukienda kulipa kisasi usiende na kandambili. Akakaa ndani ya gari kilometa hamsini na kitu, boksi juu ya magoti, na kila shimo la barabara alilitukana kimoyomoyo.

Mulekera hakukuta hema, wala muziki, wala bibi-arusi. Alikuta uani kwa mama yake Éliakim wazee sita juu ya viti, na Éliakim amesimama, shati jeupe, mashavu yamekonda. Moyo wa Jokébed ukaruka. Akaukanya.

"Karibu," Éliakim akasema kwa ubaridi.

"Bibi-arusi iko wapi?"

"Hakuna ndoa. Nilidanganya. Hawa njo wajomba bale ulikatala, na Kamate mujumbe wetu. Nilitaka uwatumikie leo na mikono yako, usikie haya ile ulitupatia."

"Haya?" Jokébed akatabasamu vibaya sana. "Ngoja, nawatumikia."

Akaweka boksi mezani, akafunua. Mjomba Mathe, mkubwa wa wote, akavaa miwani, akasoma polepole kama kanisani: "BAOGA BASIOFIKA." Waoga wasiofika.

Éliakim akapasuka: "Baoga? Sisi? Weye njo ulifunga mulango!"

"Mulango gani? Nilikaa toka asubui mpaka magaribi na kuku tatu ku meza! Kimemi yote ilinicheka!"

Mzee Kamate akainua mkono. "Mutoto, mi nilifika kwenu ile Alhamisi, saa tisa. Haukukuwa. Baba yako akaniambia: binti amekatala, musikuye, na huyo kijana asimupigie simu tena."

Alhamisi, saa tisa. Jokébed alikuwa darasani, akijifunza majani ya roza.

"Na mutu akikataliwa na baba, hamufuate binti," Mathe akasema. "Njo heshima yetu. Tulinyamaza."

Jokébed akampigia baba yake simu, akaweka sauti kubwa.

"Papa. Kamate alifika kwetu?"

Papa Ananie akaanza kuuliza habari za safari.

"Papa!"

"Jokébed... Nilikuwa nawaza batoto. Saa mbili ya formation tu, na nyumba inashindwa kusimama. Ukienda kabisa, itakuwa je? Mi niliogopa, mwanangu."

Aliamini kwamba aliogopa kweli, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Machozi yakashuka mpaka kwenye midomo myekundu. "Miezi ine, Papa. Ulinitazama nikilia. Na ulikula ile gato! Bipande bitatu!"

"Ilikuwa tamu," sauti ikajibu, ndogo.

Éliakim akasogea. "Jokébed, nilikuita huku juu ya kisasi. Sasa sijue niseme nini."

"Na miye nilikibeba ku magoti toka Butembo."

"Unanipenda bado?"

"Nakuchukia bado. Ulikubali mbio sana kwamba nimekatala."

"Ni kweli. Nitalipa."

"Utalipa miaka mingi."

"Donc, unakubali kunioa?"

Wazee, kwa kusikia mwanaume akiomba kuolewa, wakainamisha vichwa wafiche meno. Jokébed akafuta uso kwa kiganja, akamtazama huyu mpumbavu aliyekonda kwa ajili yake. "Nakubali. Lakini kwanza niko na neno na baba yangu." Akainua simu. "Papa, uko pale? Leo nalala huku, chumba cha mama yake Éliakim. Kesho, kisha ibada, wazee sita banakuya kwetu. Utawaeleza ulichofanya, weye mwenyewe, mulango wazi, majirani basikie."

"Jokébed, mi shemasi!"

"Vizuri, unajua kuungama. Na utapika weye. Kuku na maharagwe."

"Miye? Mwanangu, hata chumvi sijue inaingia saa ngapi!"

"Weka tu, Papa. Ikikuwa chungu, utakula vile. Mi nilikula miezi ine."

Akakata simu, akaomba kisu, akaanza kuwakatia wazee.