Mtafiti wa Minyoo

Kila kiangazi, maji yalipokupwa tu, Elise Thibodeau na baba yake walishuka matopeni na ndoo zao. Waliinama mpaka kiuno kikauma, wakipindua tope kwa jembe uma na kuokota minyoo ya chambo, ile myekundu inayong'ata. Mnunuzi aliwalipa mkononi, bila mkataba. Katika kijiji chao cha pwani ya Maine wengi waliishi kwa kazi hiyo, lakini shuleni wenzake walimtania, "Elise, leo umejipulizia marashi gani? Ya kaa au ya konokono?"

Alipofika mwaka wa mwisho, alijaza fomu ya kuomba chuo. Palipoulizwa kazi za likizo, aliona haya kutaja minyoo. Akaandika: "Msaidizi wa utafiti wa viumbe vya bahari." Eti utafiti! Labda utafiti wa ndani ya ndoo.

Bi. Hanscom, mshauri wa wanafunzi, aliisoma akafurahi. Akaahidi kuutaja utafiti huo katika barua ya kumpendekeza. Elise alimshukuru, akaondoka.

Jumamosi, Elise na baba yake walikutana na Bi. Hanscom dukani.

"Hongera, Bwana Armand! Binti kiangazi kizima yuko na watafiti, nawe kimya?"

Baba alimtazama Elise. Kisha akaitazama mikono yake mwenyewe, yenye tope kwenye kucha, akaitia mifukoni.

"Ndiyo, mwalimu," alisema taratibu. "Alijitahidi sana."

Elise alitamani ardhi ipasuke immeze. Baba yake, mtu asiyejua kudanganya, alikuwa amesema uongo kwa ajili yake.

"Nisamehe, Baba," alisema walipotoka nje.

"Naelewa, mwanangu. Ungenitajaje mimi mbele ya wasomi?"

Maneno hayo yalimchoma kuliko kipigo. Siku mbili hakuweza kumtazama baba yake usoni.

Jumatatu aliingia ofisini kwa Bi. Hanscom. "Mwalimu, sikufanya utafiti wowote. Nilichimba minyoo na baba. Alinifichia tu."

Bi. Hanscom alivua miwani. "Barua ingekwenda na uongo huo, kisha chuo kigundue, nani angekuamini tena? Nani angeniamini mimi?" Elise alilia kwa aibu. "Na ni uongo wa bure! Vyuo havidharau kazi isiyo na mkataba. Kulea wadogo zako, kukata nyasi za jirani, kuchimba minyoo, zote ni kazi. Wanachotaka kujua ni ulifanya nini hasa, na ulijifunza nini. Haya, futa, uandike ukweli."

Jioni Elise alimpa baba yake fomu mpya. Baba aliisoma kwa sauti: "Mchimba minyoo, pamoja na baba yangu." Akausoma mstari huo mara ya pili.

"Kazi halali haina aibu, mwanangu," alisema mwishowe. "Ila ukiikana, unamkana na aliyekufundisha."

"Nilikukana, Baba," Elise akajibu. "Sitarudia."