Kaka Yangu Alinywana na Pikipiki

Wewe unayepiga meza na kuapa kwamba pikipiki yako ndiyo pikipiki na nyingine zote ni mabati, uko tayari kujikata tumbo kwa neno hilo?

Usicheke. Kaka yangu alijikata.

Naitwa Tharsisi. Nina digrii ya Chuo Kikuu, B.A. with Honours, na sina kazi. Wenzangu wote walipangiwa ofisi. Mimi niliambiwa nisubiri, kwa sababu mkutanoni niliuliza swali ambalo mkubwa mmoja hakulipenda. Basi nikasubiri Kasulu, nyumbani kwa kaka yangu Evaristi, nikila ugali wake wa muhogo na kumshikia spana. So much for education.

Evaristi alikuwa fundi, na alikuwa na BMW ya cc mia saba na hamsini. Aliinunua kwa Mjerumani mmoja aliyekuwa akipima miamba huku kwetu, aliporudi kwao. Silinda mbili zimetokeza ubavuni kama masikio ya ng'ombe. Haina mnyororo, nguvu inapita ndani ya shafti. Mji mzima ulikuwa na pikipiki mbili tu za safari ndefu na mbio. Ya pili ilikuwa ya Athuman mwenye duka, mtu wa Ujiji: Honda, nayo mia saba na hamsini, silinda nne, mabomba manne yanang'aa kama meno ya bibi harusi.

Unajua kilichofuata. Kila jioni, hotelini, mbele ya chai ya rangi.

"Honda yangu inafika Kigoma chai yako haijapoa," Athuman alisema siku ile.

"Inafika, ndiyo," Evaristi alimjibu. "Mgongo wako ndio unaofika kesho yake."

Watu wakacheka.

"Ndugu yangu, mimi nina breki ya sahani mbele. Nikishika, inasimama. Wewe ukishika, unaanza kusali Baba Yetu."

"Na vumbi la huku linatafuna mnyororo wako kama panya na gunia. Mimi natoka hapa mpaka Tabora, nashuka, naingia kwenye ngoma."

"Mnyororo unabadilishwa, bwana. Huyo ng'ombe wako, mjane wa Mjerumani, akikata shafti utamfanyaje? Utamchinja tugawane nyama?"

Evaristi alisimama. Alimpiga ngumi moja, meza ikapinduka, jino la Athuman likadondoka ndani ya kisahani na la pili likalifuata. Nilimvuta kaka kwa shingo ya shati, vifungo vikakatika.

"Kwa chuma, Evaristi?" Athuman alisema huku damu ikimtiririka kidevuni. "Unanivunja meno kwa chuma?"

Evaristi akapandisha shati. Kando ya kitovu palikuwa na kovu jipya, jekundu, refu kama kidole.

"Si chuma. Ni mnywani wangu."

Watu wakaweka vikombe chini. Kwa sisi Waha, na kwa ndugu zetu Warundi, hilo si neno la mchezo. Watu wawili wakipendana kuliko ndugu, hunywana. Kila mmoja hujichanja kando ya kitovu, mwenzake akanywa damu yake, wakaapishana. *Igihango kikwice.* Agano likuue ukinisaliti.

Kaka alikuwa amekwenda peke yake Kagerankanda, kwenye maganjo yetu. Tulihamishwa pale kwa malori tuje kupangwa mistari vijijini kama mahindi, tukayaacha makaburi ya babu zetu bila mtu wa kuyapalilia. Alijikata pale pale makaburini. Alitia damu yake kwenye tangi la petroli. Akalamba oili kutoka kwenye kijiti cha kupimia. Akaapa hatapanda nyingine mpaka afe.

"Rubbish," nilimwambia tukiwa njiani kurudi. "Pure rubbish. Mtu mzima unaoa injini?"

"Wewe Profesa unajua vitabu," alisema. "Usiku ule niliapa, mdogo wangu... na kitu kikaitikia."

Sikumuuliza kitu gani. Nilijidai nimechoka.

Sasa sikiliza. Mwezi ulikuwa haujaisha. Jioni moja Evaristi alinituma kwa Athuman kuchukua oili, maana duka lenye oili lilikuwa lake tu. BMW ilikuwa uani, imefunguliwa. Vichwa vyote viwili vya silinda vilikuwa vimelazwa juu ya gunia, kabureta zimelowekwa kwenye karai la petroli. Nilivitoa vyote mimi kwa mkono wangu, kwa hiyo asiniambie mtu kwamba sikuona vizuri.

Dukani nikamkuta dereva wa lori la tumbaku.

"Wewe ndiye mdogo wake Evaristi fundi?"

"Ndimi."

"Shemeji yako yuko hospitali, Kibondo. Mtoto amekaa vibaya. Damu inatoka haikomi. Wamesema ndugu waje watoe damu, upesi."

Immakulata, mke wa kaka. Alikuwa amekwenda kujifungulia kwa mama yake.

Athuman alikuwa ameshaitoa Honda nje kabla sijasema neno. Alinipeleka mpaka uani kwetu, akashuka, akamwekea Evaristi ufunguo kiganjani.

"Nenda, bwana. Habari ya meno tutaizungumza ukirudi na mkeo."

Evaristi aliutazama ufunguo kama mtu aliyepewa nyoka.

"Siipandi."

"Kaka, Immakulata anakwisha."

"Nimesikia. Nifunge vichwa kwanza."

"Ufunge vichwa? Mpaka kesho? You will let your wife die for an engine?"

Kimombo hakukijua. Uso wangu aliuelewa. Na mimi kuendesha nilikuwa sijui hata pikipiki ndogo ya katekista, na Athuman usiku haoni vizuri, la sivyo ningekwenda bila yeye. Namwambia hivyo kila anayeninyooshea kidole: ningesema maneno yale yale leo, na kesho, na mbele ya jaji.

Evaristi akavua shati lake la kazi. Akalitandaza juu ya BMW, taratibu, kama mtu anayemfunika mgonjwa. Akaweka mkono juu ya tangi na kunong'ona. Kisha akavaa koti na kupanda Honda.

"Imesema nini?" nilimuuliza kwa kejeli, nikikaa nyuma yake.

"Haikujibu."

Tukaondoka. Jua lilikuwa linazama nyuma ya vilima, vumbi jekundu, watu wanarudi na majembe. Na niseme haki: Honda ile ilikuwa inakimbia. Ililia sauti moja nyembamba, miti ikawa inarudi nyuma kama inayofukuzwa. Evaristi aliiendesha vizuri, lakini alikaa wima, mbali na tangi, kama mtu anayeogopa kuligusa.

Makere tukaipita. Giza likaanza kushika.

Hapo ndipo nilipoisikia.

Chini ya mlio wa Honda... mlio mwingine. Mzito. Wa polepole.

Dug... dug... dug... dug.

Nikanusa. Petroli, na ndani ya petroli harufu nyingine, ile ya buchani asubuhi, ng'ombe akiwa bado wa moto.

"Tharsisi," kaka aliita bila kugeuka. "Nyuma kuna nini?"

Kulikuwa na taa. Ya njano, imetulia, haitikisiki wala kwenye mashimo.

"Lori."

"Taa ngapi?"

Nikahesabu tena.

"Taa ngapi, mdogo wangu?"

"Moja."

Akafungua mafuta yote. Honda ikapiga kelele. Ile taa haikuongeza mwendo, lakini ilikuwa inakuja. Mvugwe ikapita, hakuna mtu barabarani, milango imefungwa mapema kama ya watu waliotangulia kujua. Na kabla ya kufika Malagarasi, kwenye mteremko, ikatufikia ubavuni.

Haikuwa na dereva.

Juu ya kiti lilikaa shati la kaka yangu, limefungwa vifungo, limejaa upepo. Mikono yake ilikuwa imeshika usukani. Ndani ya mikono hamkuwa na mikono.

Na silinda... Nilikuambia vichwa viko kwenye gunia. Kwenye injini vilikuwa havipo. Palikuwa na matundu mawili wazi, na pistoni zikiingia na kutoka, zikiingia na kutoka, zinang'aa. Zimelowa. Nyekundu.

Iliinama ikatugonga.

Silinda ilimwingia Evaristi kwenye muundi, nikasikia mfupa ukikatika kama kuni kavu. Niliisukuma kwa mkono. Ngozi yangu ikabaki kwenye chuma. Ikagonga tena. Honda ikayumba, tukaruka, barabara ikanipiga usoni.

Nilipofumbua macho, Honda ilikuwa imelala mtaroni, imezimika. Mdomo wangu ulijaa mchanga na meno. Evaristi alikuwa anatambaa kwa viwiko, mguu mmoja umegeukia nyuma.

BMW iligeuza mbele yetu. Taratibu. Kama mtu aliyesahau kitu.

Ikasimama. Taa ikamlenga kaka usoni.

"Mnywani," Evaristi alisema. Sauti ilikuwa ya chini, ya mtu anayeongea na mwenzake kitandani. "Sikuifuata Honda. Ni mke wangu. Ana mtoto tumboni. Ungekuwa mzima ningekuja na wewe."

Injini ikapunguza mlio. Dug... dug...

Wallahi, kama anavyosema Athuman, nilidhani imesikia.

Kisha ikampanda.

Gurudumu la mbele lilimkaa kifuani, mbavu zikaitika moja moja. Koti lilichanika. Lile kovu kando ya kitovu lilifunguka lenyewe, kama mdomo, na kilichotoka hakikuanguka chini. Kilipanda. Uzi mwekundu, mwembamba, ukipanda hewani mpaka kwenye yale matundu, na pistoni zikiufyonza. Kaka alinitazama. Midomo ikawa inapauka huku naiona.

Nilichukua jiwe nikapiga. Nilipiga tangi, nilipiga usukani, nilipiga lile shati likanisukuma kama mtu mzima. Nilipiga taa, kioo kikapasuka.

Mwanga haukuzimika.

Ilipomaliza ilishuka kutoka juu yake kwa upole. Ikaelekea Kasulu. Haikuwa na haraka tena.

Nilimpapasa Evaristi. Alikuwa mwepesi kama ganda la muhogo. Nikapapasa vumbi chini yake, lote.

Kavu.

Gari la misheni lilinikuta darajani natembea. Kibondo nilifika na uso umevimba, nikalala kwenye kitanda cha pili, wakanitoa damu. Niliwaambia watoe yote. Immakulata alipona. Mtoto ni wa kiume, ameitwa Evaristi. Ndani ya nyumba moja mtu alizaliwa bila baba na mimi ndiye niliyeleta habari.

Niliporudi Kasulu, nilikwenda uani moja kwa moja. BMW ilikuwa mahali pake. Vichwa vimefungwa, kila nati imekazwa. Karai limekauka. Shati lilikuwa juu ya kiti, limekunjwa vizuri kama limetoka dobi. Niliweka mkono kwenye silinda.

Ya moto.

Na kioo cha taa kilikuwa na ufa.

Wakubwa wa polisi walikuja wakaandika "ajali". Niliwaonyesha mkono wangu: mapezi ya silinda yamejichora kwenye ngozi mstari kwa mstari, na Honda haina silinda ubavuni. Mmoja akaniuliza kama nilikuwa nimekunywa. "Not as much as that thing has drunk," nilimjibu, akanipiga kofi. Na niseme wazi, asije mtu akasema natukana kiwanda. Kiwanda kilitengeneza pikipiki nzuri, tena nzuri sana. Yaliyoingia tangini hayakutoka kiwandani.

BMW wakaichukua. Kidhibiti, walisema.

Jirani yetu Hatungimana, aliyekimbia Burundi mwaka wa sabini na mbili, alinywana na watu watatu, wawili wamekufa. Nilimkuta anakamua ndizi za pombe.

"Mutama, mzee wangu, chuma kinaweza kunywa?"

"Mambo ya chuma muulize aliyesoma," alisema, bila kuacha kukamua. "Labda kilichoitikia kule maganjoni hakikuwa chuma. Mliwaacha wazee wenu pale na kiu. Sijui. Mimi najua ya damu tu. Igihango hakifi na mtu. Kinashuka kwa mtoto."

"Kinafunguliwaje?"

"Waliofungana wakae mahali pamoja, wanywe dawa ya kuachana. Mtoto mnaye. Mwenzake yuko wapi?"

"Kwa wakubwa."

Akatema mate, akaendelea kukamua.

Shemeji hakuniambia mapema, aliogopa nitamcheka. Kitovu cha mtoto kilikauka vizuri, kikaanguka. Lakini kando yake pametokea mstari, mwembamba kama uzi. Jioni mtoto huacha ziwa, hugeuza shingo kuelekea barabarani, hatulii wala halii. Anasikiliza. Halafu pale kando ya kitovu hutoka tone. Immakulata hulifuta kwa kanga. Mwanzoni lilikuwa tone moja.

Tulichunguza. Hutoka siku ambazo mmoja wenu anapanda ile BMW.

Ndiyo, nawasemesha ninyi. Mnajijua. Mliichukua kuwa kidhibiti, mkaipaka rangi ya kijani, sasa mkubwa anaizungusha jioni mjini akiisifia kwamba haili petroli. Hajiulizi inakula nini. Mtoto ameanza kupauka midomo. Nimeshaiona rangi ile barabarani, karibu na Malagarasi.

Kazi sitaki tena, kaeni nayo. Digrii nitawapa mfungie vitumbua. Nataka kitu kimoja. Irudisheni ile pikipiki uani kwetu. Msiiwashe, isukumeni kwa mikono. Leo, jua halijazama.