Mwalimu Aliyempa Filda Mgongo

Filda Lanyero aliamka kulipopambazuka. Alisali. Kisha akawasha moto na kumkorogea mumewe, Jenaro, uji wa mtama. Uji ulipoiva, akavaa raba zake na kuchukua mfuko wa kazi.

"Leo unaelekea wapi, mama Lakot?" Jenaro aliuliza.

"Ng'ambo ya mto. Kuna mzazi kajifungua juzi."

"Basi nikuage kabisa. Tutaonana jioni, Mungu akipenda na magoti yako yakipenda."

"Magoti yangu yaache. Kunywa uji."

Filda alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji cha Lapeta. Kazi yake ilikuwa kuwatembelea wanawake waliojifungua. Aliwaangalia wao na watoto wao. Vijiji vyake vilikuwa vingi na vilikuwa mbali. Alikwenda kwa miguu, naye alikuwa amekaribia miaka sitini.

Siku hiyo alifika ng'ambo jua likiwa utosini. Alimkuta mtoto analia kwa sauti nyembamba. Kitovu chake kilikuwa kimepakwa majivu na samadi. Kilikuwa chekundu na kilitoa harufu.

"Nani aliwaambia mpake hivi?" Filda aliuliza.

"Ndivyo tunavyofanya, mama," bibi wa mtoto alijibu. "Tulikungoja jana. Hukuja."

"Kitovu hakipakwi kitu. Kinaachwa kikavu na safi. Mpelekeni kituo cha afya sasa hivi."

Walimpeleka. Mtoto alipona, tunamshukuru Mungu. Lakini maneno ya yule bibi yalimchoma Filda njia nzima. Tulikungoja jana. Hukuja.

Sasa, pale kituo cha afya palikuwa na pikipiki mpya. Ilikuwa imeletwa kwa ajili ya kazi hiyo hiyo ya kuwatembelea wazazi. Lakini hapakuwa na mtu wa kuiendesha. Ilisimama chini ya paa, kuku wakilala juu ya kiti chake.

Filda alimwendea Sista Rozalba, mkuu wa kituo.

"Sista, nipe mimi hiyo pikipiki."

Sista aliweka kalamu chini. "Wewe, mama Filda?"

"Mimi. Nilipokuwa msichana niliendesha pikipiki ya chanjo. Nilifika mpaka milimani. Vita vilipofunga barabara ndipo nikaacha."

"Hiyo ni miaka mingi, mama."

"Ni zaidi ya thelathini. Lakini kitu ulichojua hakisahauliki."

"Haya, tuone," Sista alisema. "Maana baada ya Pasaka mkaguzi anakuja. Asipomkuta mwendeshaji, pikipiki itahamishiwa kituo kingine."

Habari zilienea haraka. Kesho yake uwanja wa kituo ulijaa watu. Jenaro alikuja na kiti chake kabisa.

"Sogeeni!" aliwaambia watu. "Mke wangu huyo alikuwa akipita, hata mbwa wanavua kofia!"

Filda alipiga kiki. Pikipiki ikawaka. Aliingiza gia ya kwanza, akaondoka vizuri. Watu wakapiga makofi. Alipotaka gia ya pili, akainua kanyagio kwa kidole cha mguu, kama alivyozoea zamani.

Injini ilinguruma, lakini pikipiki haikusonga mbele. Filda alishangaa. Akatazama chini mguuni. Akakanyaga kwa nguvu, akaachia klachi ghafla. Pikipiki iliruka kama beberu. Ikaenda moja kwa moja kwenye mikeka ya ufuta uliokuwa ukianikwa, ikaanguka pamoja naye.

Kisha mama mwenye ufuta akasema, "Filda, si ungeniambia tu kwamba unataka mafuta?"

Watu walicheka. Filda naye alicheka, lakini machozi yalikuwa karibu. Kiwiko kilikuwa kimechubuka. Sista alimsafisha kidonda, kisha akairudisha pikipiki chini ya paa.

Jioni Jenaro aliacha mzaha. "Mke wangu, achana nayo. Mungu amekupa miguu. Tembea."

"Mungu amenipa na akili," Filda alijibu. "Niliingia kwa kiburi, si kwa akili. Nahitaji mtu wa kunifundisha upya."

"Nani?"

Wote wawili walimjua mtu huyo. Mwalimu mzuri wa pikipiki kule Lapeta alikuwa mmoja tu. Aliitwa Olanya. Alikuwa dereva wa boda boda, na alikuwa amesomea kufundisha madereva wenzake. Shida ni kwamba Olanya alikuwa mume wa Lakot, binti yao.

Huku kwetu Uacholi, mwanamume na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa umbali. Hawapeani mikono. Hawatazamani usoni. Mwanamume hali chakula mbele yake, wala hasimami karibu naye. Sasa Olanya angewezaje kumshikia mama mkwe usukani? Akianguka, nani angemwinua?

Lakot alipeleka ombi kwa mumewe. Akarudi anacheka.

"Amesema atakuja, lakini atasimama mbali. Baba ndiye atakayepeleka maneno."

"Mimi?" Jenaro alishtuka. "Mimi hata baiskeli sijui!"

"Kinywa si unacho, baba?"

Walikutana kwenye uwanja wa mpira. Olanya alisimama upande wa goli moja, Filda na pikipiki upande wa goli jingine. Jenaro alikuwa katikati, anahema kabla ya kazi.

Jambo la kwanza, Olanya hakutaja pikipiki. Aliuliza, "Baba, mwombe mama asome kibao cha lile duka ng'ambo ya barabara."

Filda alikunja macho. "Duka la dawa," alisema.

Lilikuwa duka la kinyozi.

"Basi leo hatuwashi pikipiki," Olanya alisema. "Mama akapimwe macho kwanza. Mwili wa leo si ule wa zamani. Macho yanafifia, na mkono unachelewa kidogo kushika breki. Si aibu. Lakini lazima ajue, ili aende polepole na aache nafasi kubwa mbele yake."

Filda alikwenda kupimwa, akapata miwani. Alipoivaa alikaa nje ya nyumba akitazama majani ya mti, moja moja. "Kumbe yalikuwepo siku zote," alisema.

Siku ya pili alileta kofia ngumu yake ya zamani. Alikuwa ameihifadhi kwa miaka yote hiyo. Jenaro aliibeba mpaka kwa Olanya. Olanya akaingiza kidole ndani, na sponji ikaanguka kama unga.

"Panya wamezaa humu," alisema. "Baba, kofia inazeeka hata ikiwa imewekwa tu. Hii haitalinda kichwa. Apate mpya. Imbane vizuri, na kamba afunge kila safari, hata kama anakwenda hapo tu. Tena asivae gauni pana. Litanaswa kwenye gurudumu. Avae suruali na viatu vya kufunika mguu."

"Suruali!" Jenaro alipiga kelele uwanja mzima ukasikia. "Mama Lakot, mkweo anataka uvae suruali!"

"Nimesikia, baba Lakot. Ng'ambo ya mto nao wamesikia."

Ndipo walipofika kwenye gia. Pikipiki ilisimamishwa juu ya stendi, injini imezimwa.

"Mama hakusahau," Olanya alisema. "Anakumbuka sana, na hilo ndilo lililomwangusha. Pikipiki za zamani, gia ya kwanza unakanyaga, zinazofuata unainua kwa kidole. Hii ni tofauti. Gia zote unakanyaga mbele. Ukitaka kushuka, unakanyaga nyuma kwa kisigino. Siku ile aliinua, akarudi kwenye gia huru, pikipiki ikakosa nguvu."

Filda alisikia haya mwenyewe, na moyo ukatulia. Kumbe hakuwa mjinga. Miguu yake ilikuwa bado inaitii pikipiki nyingine.

Alianza kujifunza akiwa amekaa tu. Mbele kupanda, kisigino kushuka. Mbele kupanda, kisigino kushuka. Alifanya hivyo jikoni na kitandani. Siku moja kanisani, wakati wa rozari, jirani yake alimgusa bega.

"Filda, una siafu mguuni?"

"Nina gia," Filda alinong'ona. "Salamu Maria, umejaa neema."

Lakini alipoanza kuendesha, kazi ya Jenaro iliharibika. Olanya alisema, "Aachie klachi polepole." Jenaro alikimbia katikati ya uwanja na kupaza sauti, "Anasema uache polepole!" Filda akaacha kila kitu, injini ikazimika. Olanya alisema, "Asitazame gurudumu, atazame mbali." Neno lilipofika lilikuwa, "Anasema utazame gurudumu!" Filda akatazama gurudumu, akaingia shimoni.

"Baba, tafadhali kaa," Lakot alisema. "Utatuua."

Jenaro alikaa kivulini, amechoka. "Hivi, mkwe," alimwita Olanya, "mila inakukataza kumtazama. Je, inakukataza kumsikia?"

Olanya alifikiri. "Hapana, baba."

"Basi geuka. Masikio hayana ukwe."

Olanya akageuka. Alimpa mama mkwe mgongo, mikono amefunga nyuma, uso ameelekeza vichakani. Tangu siku hiyo alifundisha kwa masikio.

"Injini inalia, mama! Panda gia!" aliita. Filda akapanda.

"Sasa inakohoa! Shuka!" Filda akashuka.

"Hapo umebana breki ya nyuma peke yake. Nimesikia gurudumu likiburuzika. Tumia zote mbili pamoja. Ya mbele ndiyo yenye nguvu. Ibane taratibu, kama unakamua ng'ombe, usiinyakue. Na breki inashikwa kabla ya kona, si ndani ya kona. Changarawe haina huruma."

"Na shimo je, mkwe?" Filda aliuliza, macho ameyaelekeza upande mwingine.

"Ukilitazama shimo, utaliingia. Pikipiki hufuata macho. Tazama njia unayotaka."

Filda alizunguka uwanja huo mpaka nyasi zikaisha. Baadaye alitoka kwenye barabara ya vumbi, kisha kwenye lami, Olanya akimfuata kwa mbali na pikipiki yake. Kwenye lami Filda aliogopa. Zamani zake magari yalihesabika. Sasa malori yalipita yakivuma, na boda boda zilitokea kulia na kushoto. Aligeuza, akarudi uwanjani.

"Mama asifanye haraka kuizoea lami," Olanya alimwambia mkewe ili Filda asikie. "Atoke asubuhi magari yakiwa machache. Asibebe abiria wala mzigo mkubwa kwanza. Giza likikaribia awe nyumbani. Na akichoka, asimame."

Leseni yake ilikuwa imekwisha muda tangu zamani. Sista alimwambia wazi, "Bila leseni hai, hunigusii pikipiki." Filda alikwenda mjini kwa basi, akafuata taratibu zote, akafanya mtihani.

Kabla ya mtihani alisali kwa ufupi. "Bwana, linda macho yangu na mguu wangu wa kushoto."

Mtahini alimtazama mvi zake. "Bibi, una uhakika?"

"Nina uhakika wa polepole," Filda alijibu. "Wa haraka sina."

Alikwenda. Kwenye mteremko, mbuzi waliruka kutoka kichakani. Mguu wake wa kushoto ulitaka kuinuka, ile tabia ya zamani. Hakuuruhusu. Alipunguza mafuta, akabana breki zote mbili taratibu, akashusha gia kwa kisigino. Pikipiki ikasimama imenyooka. Mbuzi wa mwisho alipita akimtazama, kama anayemkagua.

"Umefaulu," mtahini alisema. "Laiti vijana wangesimama hivyo."

Baada ya Pasaka mkaguzi alikuja. Alimkuta Filda ameketi juu ya pikipiki, kofia kichwani, suruali mwilini, anafunga mfuko wake wa kazi nyuma.

"Huyu ndiye mwendeshaji?" aliuliza.

"Ndiye," Sista Rozalba alisema. "Ukitaka kuongea naye fanya haraka. Kuna mtoto aliyezaliwa usiku ng'ambo ya mto."

Mkaguzi alisogea pembeni ampishe.

Filda alifika huko asubuhi ile ile. Mtoto alikuwa mdogo sana, na mwili wake ulikuwa umeanza kupoa. Hakuwa na nguvu za kunyonya. Filda hakupoteza muda. Alimvua, akamweka kifuani pa mama yake, ngozi kwa ngozi, akawafunika wote wawili kwa shuka nzito. Akapiga simu kituo cha afya waandae gari. Kisha akakaa, akasali kimya, akamshikilia mtoto karibu na titi.

Gari lilikuwa bado njiani mtoto alipopata joto. Alifungua kinywa. Akanyonya mara moja, akapumzika, akanyonya tena.

"Ananyonya!" mama yake alisema, na akaanza kulia.

Walikaa kituoni siku chache, wakarudi nyumbani salama. Siku waliporudi, Filda alikwenda tena kuwaona. Alimpima mtoto, akatazama kitovu. Kilikuwa kikavu na safi. Jua lilianza kushuka, naye akavaa kofia yake, kwa sababu macho yake hayakupenda giza, na yeye hakubishana nayo.

Bibi wa mtoto huyo alimsindikiza mpaka kwenye pikipiki. Aliishika kidogo kwenye taa, kwa woga, kama anayegusa mnyama wa mtu.

"Mama, tukikungoja kesho, utakuja?"

Filda alifunga kamba ya kofia chini ya kidevu.

"Nitakuja," alisema.

Na kesho yake, umande ukiwa bado kwenye majani, alikuja.