Chumba cha Sita Hakishiki Mtandao

Chumba cha tano kilikuwa na vijiti vinne vya mtandao. Cha saba, kimoja, tena kinachokuja na kupotea. Ndanu alishusha laptopu yake, akahesabu hatua za korido kati ya vyumba hivyo viwili. Kumi na moja, na hakuna mlango.

"Mzee Makau, cha sita kiko wapi?"

"Ilikuwa stoo. Niliziba."

"Mbona inanuka vanishi?"

"Wewe umeitwa kunusa ama umeitwa kuweka intaneti?"

Jumba lilikuwa Riruta, upande unaotazama Kawangware. Vilikuwa vyumba kumi vya kupanga kabla ya moto wa Januari, ule wa vurugu za uchaguzi, kuwaondoa wapangaji, na kufikia Novemba ile Makau alikuwa ameviunganisha, akapiga plasta, akapaka rangi ya maziwa. Shirika moja la kuhubiri amani lilitaka kulikodi liwe ofisi, mradi mtandao ufike kila chumba. Amani! Katika nyumba ya watu waliofukuzwa, na hakuna aliyeuliza walifukuziwa wapi.

Mmoja tu ndiye aliyeuliza. Kageha, muuza mitumba wa soko la Toi, alifika getini kila Alhamisi kumwulizia mumewe, Khamala, mmoja wa wapangaji, aliyepotea tangu siku ya moto. Ndanu alikuwa amempata pale asubuhi hiyo.

"Makau anaapa alimwona akipanda lori la Kitale," Kageha alimwambia. "Sasa wazee wetu wamekataa tuzike mgomba. Unazikwa badala ya mtu asiyepatikana, lakini utamzikaje mtu ameonekana kwa lori? Miezi kumi, dada. Mimi si mke, si mjane."

"Alikuwa anafanya kazi gani?"

"Vitanda. Vanishi ilikuwa haimtoki kwa kucha."

Ndanu aliyakumbuka maneno hayo sasa, mbele ya ukuta.

"Kuna mabati humu ndani, mzee. Inameza mawimbi. Nitatoboa nipitishe waya, niweke rauta ya pili upande ule."

"Weka rauta hata kumi. Usitoboe."

"Hata mia hazipiti bati."

"Nimesema usitoboe!" Makau akatoka kwenda kumfukuza Kageha getini.

Mkewe, Mumbua, ambaye majirani walimwita Mama Wanza, alisogea karibu. "Pasta amekuja mara tatu," alinong'ona. "Anasema ni jini. Kila alasiri linagonga. Polepole, kama mtu anaogopa kusikika."

Ndanu akawasha drili.

Plasta ilidondoka, chuma kikalia, kisha tundu likatoa moshi, moshi vuguvugu, kana kwamba mle ndani Januari haijaisha. Alitaka kukimbia lakini mkono wake ulikuwa tayari umesukuma ncha ya waya, na alipoacha kusukuma waya haukuacha kwenda, uliendelea kuingia taratibu, mita baada ya mita, roli ya waya ikizunguka yenyewe sakafuni, mtu wa upande wa pili akiuvuta kwa adabu ya mtu aliyeambiwa asifanye kelele, hadi roli ikaisha na kugonga ukuta, na ukuta nao ukajibu, mara tatu, na sauti kavu ikapita tunduni:

"Baba Wanza... wameenda?"

Mumbua alianguka magoti. "Khamala alituomba tumfungie kwa nje. Vijana wa panga wakiona kufuli, watajua hakuna mtu. Mume wangu akafunga, akamwambia asitoe sauti mpaka arudi kumfungulia."

"Akarudi?"

"Moto ukiwa umezima. Akasema akifungua wataita yeye muuaji. Akapiga plasta juu ya mlango."

"Na ufunguo?"

Mumbua aliufungua kutoka kwenye fundo la leso yake. Miezi kumi alilala nao.

Ndanu alikwenda getini, akampita Makau, akamshika Kageha mkono, akamwingiza ndani. Nyundo ilibomoa plasta ya korido. Mlango ukaonekana, mweusi, kufuli likining'inia. Kageha alilifungua mwenyewe, akabaki nalo mkononi. Alipiga magoti mbele ya kilichokuwa chini ya kitanda.

"Wameenda, Khamala," alisema. "Toka twende nyumbani."

Moshi uliwapita mabegani kama mtu mwenye haraka. Kwenye laptopu, vijiti vyote vikajaa.

Ndipo Kageha akalia, akilitaja jina la Khamala na la Makau, na kilio chake kikavuka ukuta wa nje. Kawangware ilisikia. Mawe yakaanza kupiga geti.

Makau alikimbia kutoka getini hadi chumba cha mwisho wa korido, alimokuwa akilala. "Mumbua! Nifungie kwa nje! Waambie sipo!"

Mumbua hakuinuka. Ndanu hakusogea. Kageha alitazama kiganja chake, kile kilichokuwa kimeshika kufuli. Kilikuwa kitupu.

Mwisho wa korido, ambako hakukuwa na mtu, kufuli lilijifunga. Kach.

Harufu ya vanishi ilianza kutokea chini ya mlango, halafu moshi. Na kutoka ndani, polepole, mtu akagonga mara tatu.

"Mama Wanza," Makau alinong'ona, "wameenda?"