Jina Lililofungwa Juu

Joram, mwenzake wa mradi, alipotoka ofisini Kondele jioni ile, alimwachia Lornah kazi ndogo tu: arekebishe logi ya vyumba vya baridi vya samaki kule Kisian, kisha afunge mlango aende zake. Kazi ya robo saa.

Logi ni daftari ambalo programu hujiandikia yenyewe. Kila mstari ulipaswa kubeba mahali, chumba na jina la aliye zamu. Taarifa hizo huziandiki mstari kwa mstari. Unazifunga mara moja pale juu, na kila mstari unaofuata unazibeba, upende usipende.

Lornah alikuwa ameijenga kwa miaka miwili. Winny alikuja Aprili. Akacheka na kila mtu, akajua majina ya watoto wa bosi, na leo saa nane akatangazwa kiongozi wa mradi. Lornah alipiga makofi pamoja na Joram, lakini wivu ulimwingia, na mpaka sasa haukuwa umetoka.

Ndipo akafanya ujinga. Badala ya kuacha jina lisomwe upya kila zamu, alilifunga la Winny pale juu, libaki. Kuanzia sasa kila kosa, hata la zamu ya Joram, hata la zamu yake mwenyewe, lingemwangukia Winny. Jumatatu bosi angesoma.

"Kiongozi," alisema peke yake, akasonya.

Nje, bati likagongwa.

Moja. Kisha jingine, mbali... kisha Kondele nzima, sufuria, mabati, milango. Watu walikuwa wakiwafukuza nyawawa, mizuka itokayo ziwani na kupita na upepo wa jioni. Utotoni, Dani, nyanya yake, alikuwa akimziba mdomo wakipita. Usitaje jina la mtu, alimwambia, watalichukua. Na ukisikia lako, usiitike.

Harufu ya matope ya ziwa ikaingia. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa.

Lornah akatazama skrini.

*Kisian. Chumba cha pili. Winny. Mlango umefunguliwa.*

*Kisian. Chumba cha pili. Winny. Ameitwa.*

Alisoma tena. Programu hiyo aliiandika yeye, na hakuna mahali alipoandika neno "ameitwa".

*Winny. Ameitwa.*

Akapiga simu.

"Winny, uko wapi?"

"Niko tu hapa Kisian, nacheki hii chumba ya baridi. Kwani?"

"Uko na nani?"

"Hakuna mtu. Lakini kuna mama mmoja ako huko nje kwa giza... ananiita tangu saa ile. Wacha nimwitike."

"Usiitike! Winny, nakuomba."

"Ai! Nyawawa? Na vile umesoma?" Winny akacheka, kile kicheko chake kinachopendwa na kila mtu.

Na hapo, Mungu amsamehe, Lornah alinyamaza. Mistari mitatu ilipita akiitazama. Winny aitike tu, mara moja, na mradi ungerudi kwa mwenyewe.

*Winny. Amesogea mlangoni.*

Vidole vikajiendea. Alifuta jina. Logi ikakataa: haikupokea mstari usio na mtu, na sharti hilo aliliweka yeye mwenyewe. Ilitaka jina la mmoja wa mradi, nao walikuwa watatu tu. Joram alikuwa na watoto wadogo.

Akaandika lake: Lornah.

"Ameacha," Winny alisema. "Huyo mama. Ni kama ameenda."

Lornah aliweka simu mezani, akalia kidogo, kwa nafuu na kwa aibu. Mabati yalikuwa yamenyamaza. Mlango wa ofisi ukabishwa, taratibu.

"Lornah?" Ilikuwa sauti ya Winny, na kicheko ndani yake.

"Niko," akajibu, kama alivyojibu kila siku.

Simu mezani ilikuwa haijakatwa.

"Lornah?" Winny aliuliza kutoka Kisian. "Unaongea na nani huko?"

Kwenye skrini palikuwa na mstari mmoja mpya. Ulitoka Kondele, ambako hapakuwa na hata chumba kimoja cha baridi.

*Kondele. Mlangoni. Lornah. Ameitika.*

Kitasa kilianza kuzunguka. Hata hawa nyawawa, Lornah aliwaza, na uchungu ukampanda kabla ya hofu... hata hawa walianza na Winny.